Usiiamini Sauti Yangu

Nottingham, 2 Mei 2025

Kwa mpwa wangu Shariffa,

Leo ni Ijumaa, tarehe mbili Mei, na mwezi huu natimiza miaka sitini na moja tangu nilipoondoka Unguja. Katika miaka yote hiyo sijapata kukuandikia barua ya mkono. Ulipopata akili, simu zilikuwa zimeshafika. Basi utashangaa kuuona mwandiko wangu, na utashangaa zaidi kwamba leo, siku yangu ya kuwapigia, sikupiga.

Umesikia yaliyompata Borafya, binamu yetu wa Bububu. Alipigiwa simu na mwanawe aliyeko Maskati, analia, amekamatwa, anataka msaada saa ile ile. Sauti ya mwanawe, kikohozi cha mwanawe, hata lile "mamaa" la kuvuta. Akatuma akiba yote ya kumalizia paa. Mwanawe alikuwa kazini, hana habari. Sauti ilitengenezwa na kompyuta, kwa vipande vya maneno aliyoyasema mwenyewe kwenye kundi la familia. Namba iliyoonekana ilikuwa namba yake, maana hata namba huvaliwa kama kanzu ya kuazima.

Sasa nifikirie mimi. Nimezungumza kiasi gani? Miaka mitano narekodi maoni yangu juu ya umeme wa kisiwa chetu na kuyasambaza kwa kila kundi: kwamba karibu umeme wetu wote huja kwa nyaya za chini ya bahari, kwamba jua la bure linatuunguza utosi na hatulitumii inavyopaswa. Mwenye kuitaka sauti yangu anayo ya kumtosha maisha.

Na nyinyi mna kitu cha kuibiwa. Lile sanduku la umeme wa jua alilolifunga fundi Jecha juu ya paa lenu, mimi nalitazama kutoka hapa kwa simu; nikiamka naiona betri imejaa, najua dada yangu Ghaliya kalala vyema na mashine yake ya oksijeni. Lakini ninachokiona mimi, mwizi naye anaweza kutaka kukiona. Atakayelizima atakuwa ameishika roho ya mama yako mkononi.

Kwa hiyo tutaandikiana, na barua zitabebwa na wasafiri tunaowajua. Sauti yangu ukiisikia kwenye simu usiiamini, wala ujumbe wenye jina langu. Mtu yeyote atakayekwambia kwa simu uliguse sanduku, huyo ni mwizi. Likitokea la kutokea nikalazimika kupiga, niulize jambo la nyumba yetu asilolijua mtu wa nje. Swali usiniandikie, lichague mwenyewe. Nikikosea, kata.

Barua hii analeta Muhannad, mtoto wa Samir jirani yangu wa hapa, anakuja likizo. Mbusu mama yako kipaji cha uso.

Mjomba wako,
Zahor


Mji Mkongwe, 30 Mei 2025

Kaka Zahor,

Umezeeka vibaya. Wenzako wakizeeka wanasahau majina ya watu, wewe unaogopa kivuli cha mdomo wako.

Nnakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni kwa sababu ndizo mkono wangu unazozijua, na nnapumzika kila mstari, basi ukiona wino umebadilika ujue nililala. Ijumaa nne sijakusikia. Unajua Ijumaa kwangu ni nini? Tangu Alkhamisi jioni nnaiweka simu yetu hii moja juu ya mto. Shariffa ananicheka, "Mama, unamngoja mchumba?" Nnamwambia nnamngoja kaka yangu, kaniacha nna miaka kumi na miwili na mpaka leo hajamaliza kuniaga.

Unasema kompyuta inaweza kuisema sauti yako. Itaweza kunikera kama unavyonikera? Mimi sauti yako nnaijua hata ikipitishwa kwenye chujio la tui. Nimekulia ndani yake. Niache mimi nikujue kwa sikio langu, huyo mtoto ndiye afuate sheria zako.

Nnajua utauliza nyumba, kama kila mara. Iko kama ulivyoiacha. Unapita mlango mkubwa, unakiona kisima, na baada ya kisima ngazi mkono wa kushoto, vidato vya chini vya jiwe na vya juu vya mti. Chumba chako kinafagiliwa. Nini jengine utake?

Daktari kasema mapafu yamechoka. Nimemwambia na mimi nimechoka, basi tumekubaliana. Lakini sitaki kuondoka sijakuona. Kila mwaka unasema mwakani. Mimi mwakani sina. Njoo, Zahor. Usilete kitu. Lete huo mdomo.

Dada yako,
Ghaliya


Mji Mkongwe, 31 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Natia karatasi yangu katika bahasha ya Mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi na nitaifuata. Wewe umefanya kazi ya umeme maisha yako yote, mimi ni mwalimu wa hesabu tu. Ukisema moto, sitauliza uko wapi.

Jecha alikuja kupangusa vumbi kwenye paneli nikamzuia mlangoni mpaka nilipohakikisha. Akanuna. "Bi Shariffa, mimi niliyepanda huko juu mgongo ukabanduka ngozi, leo naulizwa jina la bibi yangu?" Nikamwambia ni agizo la Mjomba. Akacheka: "Basi mwambie mjomba wako jua nalo linapanda juu ya paa kila siku bila kubisha hodi, nalo alifungie." Alipomaliza alinywa chai na Mama, wakakusengenya mpaka alasiri.

Mama hasemi, lakini usiku wa Ijumaa anageukia ukutani. Mashine inavuma vizuri. Umeme unapokatika, sanduku linashika lenyewe hata hatujui, ila tunasikia majirani wanalalamika.

Swali bado sijalichagua. Kuna jambo jengine Mama amenikataza kukuandikia. Hakufichi kwa kukudhuru, ni kwa kukupenda tu, basi nisamehe.

Mpwa wako,
Shariffa


Nottingham, 8 Julai 2025

Ghaliya,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pale wino ulipobadilika nami nilipumzika.

Unasema naogopa kivuli cha mdomo wangu. Naam, naogopa. Nilifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha kuongozea kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Tulikuwa watu sita mbele ya ukuta wa mishale na taa, na kila mmoja alijua kwamba kosa lake dogo litazima miji. Mwaka jana kituo cha mwisho cha makaa kilizimwa katika nchi hii, nikaenda kukitazama kwa mbali na wazee wenzangu. Walifurahi kwa ajili ya hewa, nami nilifurahi. Lakini nilijiuliza: zamani aliyetaka kuuzima umeme ilibidi aje na miguu yake, apite lango, apite mlinzi. Leo anakaa kitandani kwake, nchi nyengine, ana kompyuta na subira. Tumeutoa moshi mlangoni tukawakaribisha wasioonekana.

Kwa sababu hiyo nilikuchagulieni sanduku lenye ulinzi mkali kuliko yote. Limetengenezwa na kampuni ya Ulaya. Halimtii mtu ila mwenye neno la siri, na neno la siri ninalo mimi peke yangu. Likihisi hatari hujifunga lenyewe. Jecha acheke. Mimi nalala.

Sasa lile kubwa. Nimekata tikiti. Tarehe kumi na nne Disemba nitashuka Unguja, inshallah. Mwanzo nilitaka nikwambie kwa simu, nikusikie utakavyopiga kigelegele na pumzi zako za nusu, kisha nikajizuia. Nikivunja sheria kwa furaha, nitawezaje kumtaka Shariffa aishike kwa hofu? Vumilia mpaka Disemba. Nitapita mlango mkubwa, sitahitaji mtu kunishika mkono. Nitakwenda kisimani, nitageuka kushoto, na kabla sijafika juu utakuwa umeshaanza kunitukana.

Ni miezi mitano tu, dada yangu.

Zahor


Mji Mkongwe, 21 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Samir alifika mlangoni kwako kukupa habari, kama tulivyomwomba, isiwe kwa simu. Ameniambia ulimwambia "nimesikia" na ukafunga mlango. Allah akupe subira, na mimi anipe. Mama tumemsitiri makaburi ya Mwanakwerekwe, asubuhi ya Jumatano. Walikuja watu wengi hata wengine sikuwajua. Bi Borafya alilia kuliko mimi.

Nakuandikia kila kitu kilivyokuwa, maana wewe hutaki nusu habari.

Jumanne ile umeme wa mji ulikatika baada ya adhuhuri. Sikushughulika. Mashine ya Mama ikaendelea kuvuma, yeye anasinzia, mimi nasahihisha madaftari. Karibu na saa kumi ikanyamaza. Nilikimbilia juu ya paa nikakuta taa ya sanduku imekuwa nyekundu. Nikashuka nikamfungulia Mama mtungi wa akiba. Mjomba, mtungi ulikuwa na kidogo kuliko nilivyodhani. Nikapiga kelele dirishani, vijana wa barazani wakasema wanakuja na kiti wambebe mpaka barabarani, maana gari haiingii kichochoroni kwetu. Jecha nilimpigia, hapatikani, alikuwa Pemba kazini.

Wakati nawangoja vijana, simu ikalia, na jina lililotokea ni lako.

Sauti ilikuwa yako, Mjomba. Ilikuwa yako mpaka nywele zikanisimama. Ikasema, "Shariffa, usikate, ni mimi. Panda juu, fungua sanduku, chomoa waya mweusi wa antena, kisha bonyeza kitufe chekundu, usikiachie. Betri imejaa. Haraka, mwanangu."

Nikasema, "Ngoja. Ukiingia kwetu, ngazi ziko wapi?"

"Hakuna wakati!"

"Ngazi ziko wapi?"

"Mkono wa kushoto. Baada ya kisima. Kushoto, Shariffa, kushoto!"

Nikamwambia, "Laana ya Mungu ikushukie, mwizi we," nikakata, na simu nikaizima kabisa. Swali lile sikulichagua. Nilikuwa nimetoka kuzipanda zile ngazi mbio, basi ndizo zilizonijia mdomoni.

Mama alifungua macho. Akauliza, "Nani?" Nikamwambia, "Mwizi, Mama. Kavaa sauti ya Mjomba." Akanyoosha mkono. "Nipe nimsikie." Nikamwambia nimeshaizima, na ni mwizi. Akasema, "Hata kama mwizi. Nipe nimsikie."

Sikumpa. Vijana wakaingia na kiti. Tulifika mwisho wa kichochoro, gari tunaiona, na mmoja wao akasema tumteremshe. Kumbe yeye ameshaona, mimi bado nampepea.

Mama amekwenda, basi lile alilonikataza sina tena sababu ya kulificha. Nyumba haiko kama alivyokwambia. Masika ya miaka sita iliyopita upande wa mbele uliporomoka wote, mlango mkubwa, ukumbi, ngazi na kisima chini yao. Hatukuumia. Tumebaki na vyumba vya nyuma. Tunaingilia kilipokuwa jiko, na ngazi ni za chuma, mkono wa kulia. Chumba chako hakipo. Mama alisema, "Zahor asijue. Ile nyumba ndiyo anayolalia." Jecha tulimwapisha asikupigie picha ila za paa. Nakwambia ili ukija Disemba usishtuke. Na uje, Mjomba. Nimebaki na wewe tu.

Lakini kuna jambo. Silali kwa sababu yake. Yule mwizi alijuaje kwamba sanduku limefungwa? Alijuaje kwamba betri imejaa? Jecha aliporudi alipanda kulitazama, akakuta kweli imejaa. Na alisema kushoto, baada ya kisima. Nikifika hapo naamka nakaa.

Niandikie mstari mmoja tu. Niandikie kwamba siku ile hukupiga simu.

Shariffa


Nottingham, 12 Oktoba 2025

Kwa Fundi Jecha,

Barua hii ifungue ukiwa peke yako, ukishaisoma uichome.

Ulipotoka Pemba utakuwa umekuta kwenye simu yako kwamba nilikupigia mara nyingi Jumanne ile. Umenyamaza, nami nakushukuru. Nakuomba uendelee kunyamaza mpaka uingie kaburini. Ni mimi niliyempigia Shariffa.

Nilikuwa nakunywa chai, saa nane mchana kwa huku. Nikatazama simu, nikaona maandishi mekundu: sanduku limejifunga. Kampuni ilikuwa imetuma maagizo mapya kwa masanduku yake yote, na la kwetu likayaona ni uvamizi. Nikaandika neno la siri. Halikujibu. Nikaliandika tena mpaka vidole vikasahau njia. Pembeni naiona betri, imejaa pomoni, na najua mji hauna umeme, na najua dada yangu anavuta hewa isiyokuwepo. Katika nchi hii nimefundisha vijana namna ya kulifungua sanduku kama lile kwa mkono. Ni kazi nyepesi kama kukuna kichwa.

Nilikupigia wewe. Nilimpigia Borafya, tangu alipodhulumiwa hapokei simu ya ng'ambo. Jirani wa Ghaliya sina hata mmoja ninayemjua jina. Miaka yote hii, Jecha, na sina mtu wa kumwambia, "Pita hapo mlangoni mara moja." Nikabaki na Shariffa, niliyekwisha kumfundisha asinisikilize.

Aliniuliza ngazi. Mtoto huyu aliniuliza swali jepesi kuliko yote, na nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikasema tumepona. Nikajibu nyumba niliyoijua. Sikuelewa kwa nini amenilaani. Nilielewa barua yake ilipofika.

Simlaumu Ghaliya, alinifichia ili nilale. Wewe pia sikulaumu. Shariffa alifanya neno kwa neno nililomwagiza, na hakuna mwanafunzi wangu aliyepata kunitii namna ile. Sasa ananitaka nimwambie sikupiga. Nikimwambia kweli, kila siku atapanda zile ngazi za chuma akijua aliikata simu iliyokuwa na pumzi za mama yake. Ana miaka arubaini na mbili. Ataishi na hilo muda mrefu. Mimi sina muda mrefu, nitalibeba mimi.

Akikuuliza, mwambie wahuni hujua kila kitu. Mwambie ulikuta alama za kuingiliwa. Wewe ni fundi, atakuamini. Kisha lile sanduku ling'oe, umwekee swichi ya kawaida ya kugeuza kwa mkono.

Na safari nimeivunja. Kwa barua naweza kumdanganya. Nikikaa mbele yake mkekani akanitazama machoni, au akaisikia tu sauti hii ikisema "Shariffa," atajua.

Zahor


Nottingham, 12 Oktoba 2025

Kwa mwanangu Shariffa,

Sikupiga simu siku ile.

Naliandika mwanzo kabisa ili usome hilo kabla ya jengine. Mchana ule nilikuwa nimelala na simu iko chumba cha pili. Nilipoamka yalikuwa yamekwisha.

Umeuliza alijuaje. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, basi nisikilize. Aliyelifunga sanduku ndiye aliyepiga. Wahuni wa namna hii huingia kwanza ndani ya mashine, wakajua kama betri imejaa, kisha humpigia mwenye nyumba kwa sauti ya mtu wake na kumwamuru achomoe waya, ili mashine iwe yao moja kwa moja. Ungelifuata maneno yake usingelipata umeme. Ungeliwapa nyumba nzima, na Ghaliya asingelipata pumzi moja zaidi. Ama ngazi na kisima, hilo ni kosa langu dogo: nimeielezea nyumba yetu mara nyingi katika yale maneno yangu ya kurekodi, kila mtu kasikia. Alisoma somo la zamani, wewe ukamkamata. Ulifanya nilivyokuagiza, na ulifanya vyema.

Kwamba hukumpa mama yako simu, hilo lisikuumize. Ungempa sauti ya mwizi amalizie nayo dunia? Alikuwa na mkono wako. Mimi nilikuwa na nini cha kumpa?

Kuhusu nyumba, sikukasirika. Kwa kuwa Ghaliya aliificha, nilipata miaka sita zaidi ya kuingia kwa mlango mkubwa.

Usiache kazi ya shule. Usikae peke yako siku za Ijumaa. Nenda Bububu kwa Borafya, mkae wawili. Jecha atakuja kubadilisha sanduku, mruhusu, usimuulize jina la bibi yake. Kwa khitma ya arubaini nimempa Samir kinachohitajika, ataleta mwenyewe. Utakaponiandikia, nitakujibu kila mara, kwa mkono wangu huu, mpaka nisiweze kuandika tena. Simu usinipigie, wala mimi sitakupigia.

Umesema nije kwa kuwa umebaki na mimi tu. Nimelisoma hilo na nimelielewa, na nakuomba usiniulize sababu. Tikiti nimeirudisha. Usinitayarishie pa kulala.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Zahor